Barua kutoka Mwanza: Unga wa Kunenepesha Sato

Mjomba,

Ulinituma nikifika Kanda ya Ziwa nikuulizie ule unga aliokuletea muuzaji huko Mvomero, eti ukichanganya kwenye chakula sato wako watanenepa. Nimeulizia. Ila kwanza nikupe za njiani. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, ni kilomita 3 za raha tupu. Pale tulipokuwa tukisubiri kivuko huku tunatafuna mahindi ya kuchoma, sasa unavuka hata hindi hujalimaliza. Wauza mahindi sijui wanasemaje.

Haya, vizimba vya samaki. Tangu Rais Samia azindue ugawaji wa boti na vizimba hapa Mwanza Januari 2024, ufugaji wa ziwani ndio habari ya mjini. Mwenyeji wangu alinipakia mtumbwini alfajiri, tukafika kwenye kizimba chake, akarusha kopo moja la chakula cha punje zinazoelea. Mjomba, maji yalichafuka! Sato wanarukiana, punje haziishi hata dakika. Nikamuuliza hicho chakula kinamgharimu kiasi gani, akacheka tu. Katika ufugaji wa namna hii chakula peke yake hula zaidi ya nusu ya gharama, ndiyo maana kila mwenye mfuko wa unga huja kukupigia hodi.

Unga wenyewe ni prebayotiki. Si dawa, si homoni, wala si vijidudu hai. Ni sukari ngumu na nyuzinyuzi ambazo samaki hawezi kuzimeng'enya: kuna inulini ya mizizi ya chikori, kuna maganda ya seli za hamira, hiyo hiyo ya kuumulia maandazi. Zikifika utumboni, wanaozila ni bakteria wema. Wakishashiba hutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo, na wale wabaya wanakosa pa kukaa. Hamira ina ujanja zaidi: baadhi ya bakteria waharibifu hung'ang'ania maganda yake badala ya utumbo, wakatoka na kinyesi. Na kwa kuwa unga huu hauna uhai, joto la mashine ya kutengeneza punje haliuui kama linavyoua bakteria hai wa probayotiki.

Nilikuja kuelewa vizuri pale mwaloni. Mama mmoja alikuwa akipaa sato, akauvuta utumbo: ukaja, ukaja, mwembamba kama kamba ya kiatu, zaidi ya mara tano ya urefu wa samaki mwenyewe. Ndiyo matumbo ya mla majani hayo. Urefu wote huo ni makazi ya bakteria, na hao ndio unaowalisha ukinunua unga.

Wazungu walianza kuutafuta kwa bidii baada ya kubanwa: Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kulisha mifugo antibayotiki ili inenepe, kuanzia Januari 2006. Hilo ni jema. Lakini ukweli wa majaribio ni kwamba matokeo hayafanani. Mara sato wamekua haraka, mara hakuna tofauti yoyote. Faida huonekana zaidi samaki wakiwa taabuni, wamebanana au ugonjwa unawanyemelea. Kipimo cha kawaida ni gramu 2 hadi 4 kwa kilo ya chakula, na kuzidisha si kuongeza faida.

Kwa hiyo yule jamaa anayekuahidi sato mara mbili, mwambie apite kwa jirani. Wewe bado unawapa pumba za mpunga tupu, mjomba, na pumba tupu hakuna unga wa kuziokoa. Tafuta kwanza dagaa na mashudu ya alizeti, protini ifike kama asilimia 30, kisha uangalie maji yako: chini ya nyuzijoto 20 sato hupunguza sana kula hata ukimbembeleza.

Ukishatengeneza hayo na bado roho inataka, usimwage unga kwenye mabwawa yote. Chukua mawili yaliyo sawa, vifaranga wa kundi moja, moja lipate unga na jingine lisipate. Kila mwezi pima samaki kadhaa, uandike na kilo za chakula ulizotumia. Usipoona tofauti, usinunue mfuko wa pili.

Nisalimie wote.

Mpwa wako