Kalamu ya Tete na Simu ya Mkononi

Mzazi mmoja hapa Mbagala aliniuliza swali, nami naona si la kudharauliwa, kwani muda wa mtoto ni mali. "Sheikh," alisema, "simu yangu nikiigusa tu yatoa herufi za Kiarabu zilizonyooka. Kwa nini basi mwamkalisha mwanangu wiki nzima na kalamu ya tete achore alifu?"

Jawabu lake naliona katika bango. Msimu mmoja wa Maulidi tulipeleka maneno yetu kwenye duka la kuchapisha. Bango likarudi linang'aa, rangi zapendeza, lakini maneno yamesambaratika: kila herufi imesimama peke yake, na mstari waanzia kushoto kwenda kulia. Programu ya kompyuta isiyokijua Kiarabu ndivyo ifanyavyo. Herufi zetu nyingi zina sura ya mwanzo wa neno, ya katikati na ya mwisho, na mashine isiyofundishwa hayo huzimwaga kama shanga zilizokatika uzi. Watu wazima, tena wenye kanzu na kofia, walilipita bango wakisema mashaallah. Aliyesimama ni kijana wa miaka 11, ambaye alikwisha kuichora ha kwa sura zake zote mpaka vidole vikawa vyeusi. Akaniambia, "Maalim, jina la Mtume limevunjika."

Wale wazee wasoma, tena wasoma vizuri. Lakini jicho la msomaji hukimbilia maana, na mara nyingi hukisia. Mwenye kuchora hana njia ya kukisia. Ni lazima ajue mstari waanzia wapi, wapinda wapi, na nukta yakaa wapi. Ibn Muqla, yule waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, alisimamisha khati juu ya kipimo hicho: nukta ya kalamu yaipima alifu, na alifu yazipima herufi nyingine. Simu yakupa herufi iliyokwisha kupimwa na mtu mwingine, nawe hujui kama alipima sawa.

Wala usidhani, ndugu yangu, kuwa kazi hii ni ya Baghdad tu. Siyu, katika kisiwa cha Pate, karne ya 18 na ya 19, waandishi walinakili misahafu kwa mkono na kuizungushia mapambo ya majani na mafundo kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. (Sisi wa Rangi Tatu tungepaswa kujivunia hilo kuliko watu wote!) Msahafu mmoja wa Siyu leo umehifadhiwa Los Angeles, Marekani, katika Makumbusho ya Fowler. Wageni wauvukia bahari kuutazama, na watoto wetu hawajapata kusikia jina la Siyu.

Simu siipigi vita. Mimi mwenyewe huitumia kukuza picha ya khati ya zamani, wanafunzi wakaona mahali kalamu ilipogeuzwa. Lakini wakishaona, simu huwekwa kando na tete hushikwa. Gharama hakuna ya kumtisha mzazi: tete hukatwa bondeni bure, na wino ni masizi ya sufuria, maji, na gundi kidogo ya mti. Darasa ni Jumamosi, baada ya Alasiri.