Safari ya Nyakiriba: Miwani ya Zamani au Mpya?

Msafiri aondokaye Kigali kwa basi la asubuhi kutoka kituo cha Nyabugogo huwa na mwendo wa saa tatu na ushei, yapata kilomita 155, kabla ya kuliona Ziwa Kivu. Hupita Musanze, ambayo wazee bado huiita Ruhengeri, akapanda hadi kwenye baridi ya Mukamira, akapita Bigogwe, jina ambalo wanajeshi wa zamani hulihusisha na mafunzo ya makomandoo. Kisha barabara huanza kuteremka kuelekea ziwani, na abiria wengi husinzia, wakaamka wamekwisha kufika Gisenyi. Mimi hushuka mapema kuliko wao. Safari yangu huishia Nyakiriba.

Ukiitaja Nyakiriba mbele ya watu wa Kigali, neno la kwanza watakalokujibu ni gereza, kwa kuwa Gereza la Rubavu limejengwa huko. Siwalaumu. Lakini kata hii ni pia mashamba ya viazi na maharage yaliyopandwa juu ya miteremko mikali kiasi kwamba mgeni hujiuliza mkulima anasimamaje humo bila kujifunga kamba. Na ni njia za miguu zinazopanda kutoka barabara kuu, nyekundu wakati wa kiangazi na utelezi mtupu wakati wa masika. Katika mojawapo ya njia hizo, mwendo wa dakika ishirini hivi, anaishi dada yangu mkubwa pamoja na watoto wake watatu. Mumewe, shemeji yangu, ni sajini wa jeshi, na wakati wa safari hii alikuwa katika ulinzi wa amani huko Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako majeshi yetu yamekuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa tangu mwaka 2014.

Yeye ndiye aliyenituma. Ujumbe wake ulikuwa mfupi kama ujumbe wa askari: amepeleka faranga 450,000 nyumbani ili inunuliwe miwani mpya, watoto wanataka, mama yao hasemi ndiyo wala hapana, basi mimi niende nikaamue kwa kuwa nafahamu mitambo. Ukweli ni kwamba nilisomea ualimu, nikafundisha darasa la tano miaka minne, kisha nikahamia ofisini; na ofisini, mtu awezaye kuifungua mashine ya kuchapia iliyokwama karatasi huitwa fundi mpaka siku ya kustaafu.

Miwani yenyewe ni ile ya uhalisia pepe, ambayo mtu huivaa usoni kama kinyago akaona mahali pengine pakimzunguka pande zote. Shemeji aliinunua mwaka 2021 kutoka kwa mwenzake. Ni Quest 2, aina iliyotoka Oktoba 2020 kwa bei ya dola 299. Wakati huo kampuni iliyoitengeneza ilikuwa bado ikiitwa Facebook. Ilibadili jina kuwa Meta mwaka 2021. Watoto waliitumia kwa michezo ya kukata matofali kwa panga za mwanga. Lakini mwezi Agosti 2022, kabla ya kuondoka kwa zamu yake ya kwanza ya ng'ambo, shemeji aliazima kamera ya kupiga picha za mzunguko mzima, akaisimamisha juu ya mguu wake uani, chini ya mparachichi, akaiacha irekodi dakika kumi na moja. Hakuna lililotendeka katika dakika hizo. Mama yake mzazi anachambua maharage kwenye ungo. Kuku anapita. Mtoto mdogo anamwagiliwa maji miguuni. Dada yangu anatoka jikoni, anaiona kamera, anarudi ndani kwa aibu, kisha anatoka tena akiwa amejifunga kitenge kizuri.

Nyumba ile haikuwa hapa Nyakiriba juu. Ilikuwa bondeni, upande wa Nyundo, karibu na mto Sebeya. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa iliinyeshea magharibi na kaskazini mwa nchi yetu, ardhi ikaporomoka, mito ikafurika, na watu wapatao 130 wakapoteza maisha. Sebeya ulitoka katika njia yake ukapita katikati ya makazi. Dada yangu aliwatoa watoto na mama mkwe wake gizani, wakapanda mlima na nguo walizolalia, na mkoba mmoja uliokuwa umetundikwa nyuma ya mlango. Ndani ya mkoba huo mlikuwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho cha mama mkwe na, kwa bahati tu, miwani ile, kwa kuwa kijana mkubwa alikuwa ameificha humo wadogo zake wasiiguse. Kulipokucha hapakuwa na nyumba. Mparachichi ulibaki. Mama mkwe aliishi mwaka mmoja zaidi akafa kwa maradhi ya uzee, kitandani, katika nyumba hii mpya ya mlimani.

Basi msomaji ataelewa kwa nini sikuifanya kazi hii kwa haraka.

Jioni, baada ya chakula, kijana mkubwa, mwenye umri wa miaka kumi na mitano, alinipa hoja zake kwa mpangilio ambao ungemfurahisha mwalimu yeyote. Miwani yetu imezeeka, alisema. Haiuzwi tena dukani. Michezo mipya haiikubali. Ule wa Batman uliotoka Oktoba 2024 hufunguka kwenye Quest 3 na Quest 3S peke yake. Betri haifiki saa mbili. Kuna mtu Gisenyi yuko tayari kuichukua ya zamani kwa faranga 100,000, hivyo Quest 3S, ambayo ilitoka mwaka 2024 kwa dola zile zile 299, ingepatikana na fedha zikabaki. Tena mama mwenyewe, alimaliza kwa ushindi, husema kila siku kwamba picha ina ukungu.

Nilimgeukia dada. Alikuwa akikunja nguo, na hakuinua macho.

"Kaka," alisema, "hiyo mpya itanifikisha mlangoni?"

Sikuelewa mara moja. Akaeleza. Anapovaa miwani hujikuta uani, chini ya mparachichi, na mlango wa nyumba uko mbele yake, hatua tatu tu. Anaweza kugeuza kichwa akamwona mama mkwe kushoto na mlima kulia. Lakini akipiga hatua, nyumba nayo husogea mbele kwa umbali ule ule, na mlango hubaki hatua tatu. Amejaribu mara nyingi watoto wakiwa shuleni. Mara moja aligonga kabati.

Nilimjibu ukweli, yaani hapana. Kamera ilisimama mahali pamoja, ikayaona yale yaonekanayo kutoka mahali hapo. Kilichokuwa nyuma ya mlango haikukiona, na hakuna miwani ya bei yoyote itakayokionyesha. Hata ile ya kampuni ya Apple, iliyotoka Februari 2024 kwa dola 3,499, ingemwacha hatua tatu kutoka mlangoni. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo alilolijua, akaendelea kukunja nguo.

Ilibaki habari ya ukungu, na hapo niliomba karatasi. Picha ya kamera ile ina vitone 5,760 kwa mzunguko. Mzunguko una nyuzi 360. Gawanya, utapata vitone 16 kwa kila nyuzi. Miwani ya zamani huweza kuonyesha vitone takriban 20 kwa nyuzi, na Quest 3, ile iliyotoka Oktoba 2023 kwa dola 499, takriban 25. Nikamwambia kijana: ukiwa na lita 16 za maziwa, kuzihamisha kutoka ndoo ya lita 20 kwenda ndoo ya lita 25 hakutakuongezea hata kikombe. Alicheka, lakini hakukubali. Lenzi za mpya ni bora, alisema, na hapo alikuwa na haki kwa nusu. Lenzi za Quest 3 ni za namna nyingine, huonyesha vizuri hadi pembeni, wakati zetu zina mistari ya mviringo kama ya sahani ya santuri na huonyesha vizuri katikati tu. Lakini yeye alikuwa akiiombea Quest 3S, na hiyo, kwa ajili ya kupunguza bei, imepewa lenzi za mistari zile zile na kioo chenye vitone 1,832 kwa 1,920 kwa kila jicho, sawasawa na miwani iliyokuwa mezani mbele yetu. Kilichobadilika ni ubongo wake, ambao una nguvu zaidi, na kamera za nje, ambazo sasa huonyesha chumba kwa rangi. Kwa Batman ni maendeleo makubwa. Kwa uani pa Sebeya si kitu.

Ndipo nilipoichukua miwani nikaivaa, nami nikaona ukungu ule. Nikaivua, nikaitazama kwa ndani. Lenzi za Quest 2 husogezwa kwa mkono, nazo hukaa mahali patatu: milimita 58, 63 na 68 baina ya jicho na jicho. Zilikuwa kwenye tatu, mbali kabisa, kwa kuwa kijana ana kichwa kipana kama cha baba yake. Dada yangu ana uso mwembamba. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zinasogea. Nilizisukuma hadi kwenye moja, nikafuta vioo kwa kitambaa kikavu laini, nikampa.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Ana pete." Mama mkwe, katika picha, alikuwa na pete ya shaba kidoleni wakati akichambua maharage. Miaka mitatu dada hakuwa ameiona.

Ningeweza kuishia hapo, lakini kulikuwa na jambo lililonitia hofu zaidi ya ukungu, na kwa ajili yake naomba wenye miwani hizi wasikie. Niliuliza: picha hii iko wapi kwingine? Kadi ya kamera ilikwenda na maji. Simu ya shemeji ilikwisha badilishwa. Kwa hiyo dakika zile kumi na moja, gigabaiti 8 hivi, zilikuwa ndani ya kifaa kimoja tu duniani, kile kile kilichokuwa kikitafutiwa mnunuzi Gisenyi kwa faranga 100,000. Na mnunuzi yeyote mwenye akili huanza kwa kufuta kila kitu. Kijana alinyamaza. Sidhani kwamba alikuwa amewaza jambo hilo. Mama yake alikuwa amelihisi bila kujua jina lake, na ndiyo maana hakuwa akisema ndiyo wala hapana.

Kesho yake tulishuka naye hadi shule ya jirani, mwalimu mmoja akatuazima kompyuta. Tuliunganisha waya, tukaivaa miwani ili kukubali ombi la ruhusa linalotokea ndani yake, tukanakili picha kwenye vijiti viwili vya kumbukumbu. Kimoja kitakaa kwa dada katika mkoba ule wenye vyeti. Kingine nilikichukua mimi. Nikamwonya pia asiiweke tena miwani dirishani, kwani jua likiingia kwenye lenzi huunguza kioo cha ndani katika dakika chache, na kwamba binti mdogo wa miaka sita asubiri, maana kampuni yenyewe haimruhusu mtoto aliye chini ya miaka kumi.

Habari ya fedha niliiacha kwa wenyewe. Kijana alileta hoja moja ya mwisho, na kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa na uzito kuliko zote: mwaka 2025 ilitolewa programu ya miwani hizi mpya ambayo hukichora chumba kizima mtu akizunguka nacho, na baadaye mtu huweza kutembea ndani yake. Nyumba ya zamani imekwenda, alisema, lakini hii ipo. Mama yake alimtazama kwa namna ambayo sikuwa nimeiona siku zile mbili. Kisha akamwonyesha kona ya nyuma, ambapo maji ya paa humwagika moja kwa moja kwenye udongo wa mteremko na yamekwisha chimba mtaro wa kina cha mkono. Masika yalikuwa yamebakiza wiki sita.

Shemeji alijibu usiku kwa sauti iliyojaa kelele za jenereta. Mifereji ya bati na tangi kwanza. Miwani isiuzwe. Ya Quest 3, siyo 3S, wataizungumza akirudi, na kijana aanze kuweka akiba ya nusu.

Asubuhi kijana alinisindikiza hadi barabarani, begi langu kichwani. Hakuwa na furaha, lakini alikuwa akihesabu. Basi lilipokuja akaniuliza kama kijiti nimekiweka mahali salama. Nilimwonyesha mfuko wa shati, nikafunga kifungo mbele ya macho yake.