Tulipotangazwa Bure

Je, biashara ndogo isiyo na fedha ya matangazo inaweza kujulikana? Akina mama wengi wanauliza hivyo, nasi tulijiuliza kwa muda mrefu. Tunajibu kwamba inaweza. Lakini tunapenda kuwaeleza pia yaliyotupata tulipokwisha kujulikana, kwa maana hayo hatukuonywa na mtu.

Sisi ni akina mama watano wa Morogoro. Sote tumeolewa na tuna watoto, na mkubwa wetu ana wajukuu. Mwaka 2016 kila mmoja alitoa shilingi 30,000, tukaanza kutengeneza unga wa uji. Kazi yenyewe tuliijua. Mahindi tuliyachagua kwa mkono, kwa kuwa mwaka huohuo watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, ile sumu ya ukungu ambayo kupika hakuiondoi. Karanga zilizosinyaa au kubadilika rangi tulizitupa. Soya tuliichemsha, tukaianika, ndipo tukaikaanga. Unga ukatoka mzuri, wenye harufu ya kumwamsha mtoto usingizini.

Na wanunuzi je? Wiki ya kwanza tuliuza pakiti 9, na 5 kati ya hizo tulizinunua wenyewe. Miezi ikapita hivyo hivyo. Tulijifariji kwa methali tuliyokua nayo: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tukakaa barazani tukingoja kizuri chetu kijiuze. Hakikujiuza. Tulipouliza bei ya tangazo redioni, tulitajiwa kiasi kilichozidi mauzo yetu ya mwezi mzima. Mume wa mmoja wetu akashauri tugawane kilichobaki, kila mtu arudi kwake.

Milango iliyokuwa wazi

Kabla ya kugawana tulikubaliana kujaribu kila njia isiyodai fedha. Kwanza tulizitazama pakiti zetu wenyewe. Zilikuwa mifuko mitupu, bila jina wala namba ya simu. Mama mmoja alitueleza kwamba aliutafuta unga wetu soko zima la Mawenzi asiupate, kwa sababu hakujua auulizie kwa jina gani. Kumbe tulikuwa na tangazo linaloingia jikoni mwa watu kila siku, nasi tulilipeleka likiwa bubu! Tukabandika lebo yenye jina la unga, vilivyomo, uzito, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa kutumika, na simu yetu.

Pili, tuliacha kueleza utamu wa uji kwa maneno, tukaupika. Chupa mbili za chai na vikombe vidogo vilitutosha. Tulikwenda kwenye mkutano wa wazazi shuleni, kwenye kikao cha kamati ya harusi, na nje ya kanisa baada ya ibada, kila mahali tukiomba ruhusa kwanza. Gharama yake ilikuwa pakiti moja ya unga, sukari kidogo na mkaa.

Tulikwenda pia kliniki ya watoto. Muuguzi alitukaribisha vizuri, lakini alipoona vikombe akatukatalia. Alisema vyakula vya watoto wachanga haviruhusiwi kutangazwa katika vituo vya afya, kwa kuwa mama anayekuta bidhaa hapo huidhani imeagizwa na daktari. Tulirudi nyumbani tumenuna. Tulimwona mtu mgumu asiyependa wenzake wainuke.

Mlango mwingine ulifunguliwa na afisa maendeleo ya jamii wa kata yetu. Alitutafutia nafasi mezani, pamoja na vikundi vingine, katika banda la halmashauri kwenye maonyesho ya Nane Nane ya mwaka 2017. Hatukulipa kitu. Siku moja tu ya maonyesho tuliuza pakiti nyingi kuliko mwezi mzima uliotangulia. Na hapo mezani ndipo tulipokutana na mtangazaji wa kipindi cha akina mama cha redio moja ya mjini kwetu.

Tulimwomba atutangaze. Akacheka, akasema, "Mama zangu, tangazo linalipiwa. Mimi natafuta habari. Nileteeni jambo ambalo msikilizaji atalitumia hata asiponunua unga wenu." Neno hilo tulilishika. Tulimwandikia barua ya ukurasa mmoja tukijitolea kuwafundisha wasikilizaji namna ya kuchagua na kukausha mahindi na karanga. Wiki mbili baadaye tulialikwa.

Neno moja redioni

Kipindi kilikwenda vizuri. Tulieleza juu ya kuanika nafaka juu ya turubai badala ya ardhini, na kuzihifadhi pakavu. Zikabaki dakika chache. Mtangazaji akauliza, "Na unga wenu huu, unamsaidia nini mtoto?" Mmoja wetu, kwa furaha na haraka, akajibu kwamba unaponya utapiamlo, na kwamba mama akimpa mtoto kwa wiki mbili atajionea mwenyewe. Sisi wengine tulikuwa tumekaa palepale. Hakuna aliyesahihisha. Tulitabasamu.

Simu ilianza kuita kabla hatujafika nyumbani. Kufikia siku ya tatu tulikuwa na oda za kilo 200, sisi ambao hatukuwahi kusaga zaidi ya kilo 40 kwa wiki. Tulikesha tukichagua mahindi na kuimba.

Siku ya nne alifika mama kijana kutoka kijijini, amebeba mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne. Miguu ya mtoto ilikuwa imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, wala hakuwa na nguvu ya kulia. Mama yule alikuwa na karatasi ya rufaa kutoka zahanati, ya kumtaka ampeleke mtoto hospitali. Lakini alikuwa amesikia redio. Nauli ya hospitali ameileta kwetu, anunue pakiti tatu.

Hatukuwa na la kusema. Mkubwa wetu alimpokea mtoto, akamfunga mgongoni mwake, tukaondoka pamoja hadi hospitali. Daktari alituambia kwamba mtoto aliyevimba hivyo ni mgonjwa wa kulazwa. Anahitaji dawa na maziwa maalumu kwa kipimo, na uji wowote, hata ule bora, hauwezi kumtibu. Siku mbili zaidi nyumbani, alisema, na huenda tusingemkuta.

Usiku ule hatukuimba. Tulimkumbuka yule muuguzi wa kliniki tuliyemnunia.

Tulirudi kusahihisha

Asubuhi tulikaa kikao. Wawili walisema tunyamaze, kwani mtoto amekwisha kupata tiba na maneno ya redio husahaulika. Watatu walisema tukasahihishe. Aliyesema lile neno alilia, akidhani tunamlaumu. Tukamwambia kwamba neno lilitoka kinywani mwake, lakini kimya kilikuwa chetu sote. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, maana kidole hupona.

Mtangazaji alitupa dakika tano katika kipindi kilekile. Tulisema wazi: unga wetu ni chakula, si dawa. Mtoto aliyevimba miguu, aliyekonda sana au anayekataa kula apelekwe hospitali leo. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji uji wetu wala wa mtu mwingine, bali maziwa ya mama peke yake. Na aliyeagiza unga akidhani ni tiba, yuko huru kufuta oda yake.

Waliofuta walikuwa wengi. Zaidi ya kilo 120 zilirudi kuwa zetu, na duka moja likatukataa kabisa. Mwezi ule tulipata hasara, na nyumbani mwa wawili wetu maneno yalikuwa makali. Hatutawaficha: hatukuja kulipwa mara moja kwa sababu tulisema kweli. Wateja walirudi polepole, mmoja mmoja, kwa zaidi ya mwaka. Lakini wale waliobaki ndio wanaonunua hadi leo.

Na yule mtoto? Alilazwa kwa majuma kadhaa, akapona. Tulikuwa tukipokezana kumpelekea mama yake chakula wodini.

Kwa mama anayetaka kujaribu

Ikiwa una maandazi, batiki, sabuni au kuku, njia tulizopita zinaweza kukufaa nawe. Hebu tuziweke kwa ufupi.

Andika jina na simu yako juu ya kila unachouza. Mteja aliyeridhika ni mtangazaji asiyelipwa, lakini lazima ajue akutaje kwa jina gani.

Waonjeshe watu, au waache waguse. Omba ruhusa kwa mwenye mahali, na ukikataliwa uliza sababu kabla ya kununa.

Mfuate afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, na uulize ofisi ya SIDO ya mkoa wako juu ya mafunzo na maonyesho. Shirika hilo la viwanda vidogo lipo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya watu kama sisi. Anayeuza chakula aulize mapema pia habari za alama ya ubora ya TBS, kwa maana wenye maduka wataiuliza.

Ukienda redioni au kwa mwandishi wa gazeti, peleka somo lenye faida kwa msikilizaji. Sifa za bidhaa ziache nyumbani. Kisha ufanye tuliloliacha sisi: kabla ya kuondoka nyumbani, andika kwenye karatasi yale unayoweza kuyathibitisha, usome mbele ya mtu asiyeogopa kukupinga. Lisilokuwamo usiliseme, hata ukiulizwa kwa upole namna gani.

Tena usijitangaze zaidi ya uwezo wa mikono yako. Kama unaweza kilo 40, sema ni 40.

Siku hizi tunalo daftari, na ukurasa wake wa kwanza una mistari miwili tuliyoiandika sote watano: unga huu ni chakula, mgonjwa apelekwe hospitali. Kila anayekwenda kutusemea mahali popote huusoma ukurasa huo kwanza, kwa sauti, ndipo tunampa nauli.