Grafu Yangu Haikulalamika, na Hapo Ndipo Shida Ilianzia

Wacha niwaambie vile nilikaribia kumwingiza mathe kwenye deni la shilingi 60,000 kwa mstari mmoja wa buluu.

Mnaonifuata kitambo mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikataa, nikabaki na laptopu ya mtumba na bando za usiku. Nikajifunza Python mwenyewe. Nyumbani waliona ni njia nyingine tu ya kusema sina kazi. Kwa hivyo siku mathe aliniuliza, "Hiyo kompyuta yako inaweza kuniambia kama biashara inakua?" manze, nilihisi kama nimeitwa intavyuu.

Mathe anauza chapo na madondo. Kila jioni anaandika mauzo ya siku kwenye daftari: 2,450/=, 3,100/=, 2,000/=. Alitaka kufungua kibanda cha pili karibu na steji, na chama chao kilikuwa tayari kumkopesha akionyesha kwamba biashara inaenda mbele. Nikachukua daftari, nikachapa miezi mitatu yote kwenye jedwali vile vile alivyoandika, koma na ile alama ya mwisho zikiwemo. Jedwali likasomwa na Pandas, kazi ya kuchora nikaiachia Matplotlib.

Kama umewahi kuchora grafu kwa Python, unajua kilichofuata. Kwanza ilikataa kabisa: ModuleNotFoundError. Matplotlib nilikuwa nimeiweka, lakini laptopu yangu ina Python mbili na niliiweka kwa ile nyingine. Dawa ni kuandika python -m pip install matplotlib, ukitumia Python ile ile itakayoendesha faili lako. Halafu programu ikaenda mpaka mwisho kimya kimya, picha hakuna. Nilikuwa nimesahau plt.show(). Nikaiongeza, picha ikatokea, nikaihifadhi kwa plt.savefig(), nikafungua faili nikapata weupe mtupu. Hii imeliza wengi. Ukihifadhi baada ya kuonyesha, ukishafunga dirisha ile grafu haipo tena, unahifadhi karatasi mpya ambayo haina kitu. Hifadhi kwanza, onyesha baadaye. Tarehe za chini nazo zikakatwa na ukingo wa picha, plt.tight_layout() ikazirudisha ndani.

Shida ya mwisho ilikuwa mhimili wa kushoto. Nambari zilikuwa zimepandana kama abiria wa matatu saa kumi na mbili jioni. Sikujiuliza kwa nini. Niliandika plt.yticks([]) na zote zikatoweka. Grafu ikawa safi, mstari unatoka chini kushoto unapanda mpaka juu kulia, na vishuko hapa na pale vya kuonyesha kwamba maisha ni maisha.

Mathe aliiangalia kwa muda mrefu. "Kumbe tumetoka mbali," akasema. Akaituma kwa grupu ya chama. Akina mama wakampongeza, mkopo ukawekwa kwa ajenda ya Jumapili.

Jumamosi usiku nilikaa kutengeneza video kuhusu hiyo grafu. Nilikuwa nataka niwaringie kidogo, nisiwadanganye. Kwa video nikaona heri nirudishe nambari za kushoto, watu waone pesa. Nikairudisha, nikaikuza, nikaisoma kutoka chini kwenda juu. Shilingi 2,000 ilikuwa imekaa juu ya 3,100. Shilingi 1,800 ilikuwa juu ya zote mbili.

Nikahisi tumbo limegeuka.

Kilichotokea ni hiki. Kwa sababu ya ile /=, Pandas ilisoma safu yote ya mauzo kama maandishi, si nambari. Na Matplotlib ukiipa maandishi hailalamiki. Inayachukua kama majina ya vitu, kama vile chai, mandazi na chapati. Jina la kwanza kuonekana linawekwa chini, la pili linapanda juu yake, la tatu juu ya hilo. Kila kiasi kipya kilipanda ngazi moja hata kama pesa zenyewe ni kidogo. Mstari ulishuka tu pale mathe aliporudia kiasi alichowahi kuandika, maana kilirudi kwa ngazi yake ya zamani. Yaani grafu yangu haikuwa inapima mauzo. Ilikuwa inahesabu mathe ameandika viasi vingapi tofauti. Hata biashara ikifa polepole, huo mstari ungepanda.

Na ule msongamano niliofuta ndio ulikuwa dalili. Nambari za kweli Matplotlib huzichagulia alama chache tu pembeni. Ukiona imeandika kila kiasi mpaka zinapandana, inakuambia haijaziona kama nambari.

Niliondoa /= na koma kwa str.replace, nikapitisha safu kwa pd.to_numeric, nikachora tena. Mwezi wa kwanza uko sawa, wa pili uko sawa, wa tatu unashuka.

Mathe alikuwa bado hajalala. Nilimwonyesha na nikamwambia ukweli: ile ya kwanza ilikuwa makosa yangu. Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Aliweka kidole pale mstari unapoanza kushuka, akaniuliza ni tarehe gani. Nikamwambia. "Hapo ndipo mjengo uliisha," akasema. Mafundi waliokuwa wanakula kwake mchana walikuwa wameondoka. Alikuwa amejisikia biashara imelegea, lakini picha ya kijana wake ilimwambia hajui anachosema, akaiamini.

Hilo ndilo limenikaa rohoni. Sisi tunaojifunza hizi vitu tunaogopa maandishi mekundu, lakini maandishi mekundu ni rafiki. Yanakusimamisha kabla hujamfikia mtu. Makosa ya hatari ni yale yanayokupa picha nzuri.

John D. Hunter, aliyeanzisha Matplotlib na kuitoa kwa umma 2003, alikuwa mtafiti wa ubongo. Aliitengeneza ili aweze kuona mawimbi ya umeme ya ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Alifariki 2012, na kazi yake bado tunaitumia bure. Huwa nafikiria hivi: toka mwanzo hii kitu ilitengenezwa kwa picha ambazo maisha ya mtu yako nyuma yake. Kibanda cha chapo ni maisha pia.

Sasa kabla sijamwonyesha mtu yeyote grafu, nafanya mambo manne.

Naandika print(df.dtypes). Safu ya pesa ikisema object au str, nasimama hapo hapo.

Nikibadilisha kuwa nambari kwa errors="coerce", nahesabu zilizopotea kwa isna().sum(), kwa sababu kilichoshindikana kinaachwa wazi bila kelele.

Tarehe naziangalia mara mbili. Sisi 03/04 ni tarehe tatu Aprili, lakini Pandas usipoiambia kitu itaisoma kama tarehe nne Machi. Weka dayfirst=True, kisha panga data kwa tarehe.

Mwisho, nachagua siku tatu, nazitafuta kwenye daftari kwa mkono na kuzilinganisha na grafu. Na mhimili siufuti. Kama umejaa, najiuliza kwanza kwa nini umejaa.

Jumapili mathe alienda chamani akasema mwenyewe kwamba picha haikuwa sawa, mkopo usubiri. Mmoja akamuuliza kama si kijana wake alisomea kompyuta. Akajibu, "Bado anasoma." Nilisikia hiyo kwa mtu mwingine, hakuniambia yeye.

Wiki iliyopita aliniomba nimchoree ingine, ya jirani yake anayeuza mboga. Nilipompa simu, hakuangalia mstari. Alianza na nambari za kushoto, akizisoma moja moja kwa kidole, kutoka chini kwenda juu.