Elimu ya Juu na Mkate wa Nyumbani

Watu wengi wasikiapo habari za chuo kikuu humfikiria kijana asiye na mke wala mtoto, mwenye vitabu kwapani, anayekwenda mahali pa mbali ambako wengine watampikia. Zamani ndivyo ilivyokuwa kwa wengi. Lakini tangu Kabianga ilipopewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, mwanachuo katika nchi ya Kericho aweza kuwa mama wa watoto watatu, mwenye ng'ombe wa kukamua alfajiri na chai ya kuchuma kabla ya kupanda gari. Chuo kimekuja karibu. Nacho kilipokuja kiliingia nyumbani moja kwa moja, kikaketi mezani pamoja na jamaa, wala hakikuuliza kama nafasi ipo.

Huko Chepseon yuko bibi mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye cheti cha ualimu cha miaka mingi. Mumewe ni mkulima wa chai. Bibi huyu alijiandikisha kusomea shahada ya ualimu, upande wa sayansi, kwa mpango ule wa waalimu kusoma wakati shule zimefungwa, yaani Aprili, Agosti na Desemba. Mpango huo ni mzuri sana katika karatasi. Aliyeuandika hakukumbuka kwamba likizo ya mwalimu ndiyo likizo ya watoto wake. Watoto walipokuwa wakirudi na masanduku yao, mama alikuwa akitoka na mkoba wake.

Hapo ndipo habari ya mkate ilipoanza kuwa kubwa.

Mama yake mzazi alijifunza kuoka katika kikundi cha Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952. Siku zile serikali na misheni zilidhani kwamba mvulana yampasa kujua hesabu, na msichana kushona, kuoka na kuogesha mtoto. Dhana hiyo iliwadhulumu wasichana wengi wenye akili. Lakini mkate wenyewe haukuwa na hatia. Ulipita kutoka mama hata binti, na kila Jumamosi nyumba ile ya Chepseon ilinukia. Oveni haikuwapo. Sufuria kubwa huwekwa mchanga chini, bati la mkate likatiwa ndani, kisha juu hufunikwa kwa kifuniko kipana cha kubeba makaa. Siri ni kwamba makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Afanyaye kinyume atapata mkate wenye tako jeusi na uso mbichi.

Masomo yalipoanza, Jumamosi zikanyamaza. Mkate ukanunuliwa dukani, mweupe, uliokwisha kukatwa, na kitinda mimba akaula pasipo neno. Watoto hawakulalamika, na kutolalamika kwao kulimchoma mama yao kuliko kilio. Mumewe, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisema mara moja tu, "Mwalimu, nyumba hii imekuwa bweni." Mama mkwe naye aliuliza kwa sauti ya kusikika hadi zizini, "Masomo haya yana mwisho, au ni kama kuchuma chai?"

Swali la bibi kizee lilikuwa na haki yake, kwa maana fedha zilikuwa chache. Mkulima mdogo wa chai hulipwa kiasi kila mwezi kwa majani aliyopeleka, na fungu kubwa hulingojea bonasi ya mwisho wa mwaka. Nayo bonasi ya magharibi ya Bonde la Ufa mara nyingi huwa chini ya ile ya upande wa mashariki. Mwaka ule ilikuja ndogo. Mtoto wa kwanza alikuwa akiingia shule ya sekondari, na mama alikuwa amebakiza karo ya mihula miwili. Fedha zile hazikutosha wote wawili. Mtu asiyepata kuketi usiku na mwenzake, karatasi ya hesabu kati yao, asifanye haraka kumhukumu mume huyo kuwa adui wa elimu.

Watu wa Kericho humsifu Taaitta arap Toweett, aliyewahi kuwa waziri wa elimu, kwa kuwa alisoma shahada yake kwa posta. Ni sifa njema. Mpishi wa chai yake ya usiku hakuna amtajaye.

Mwezi wa Agosti, Chepseon ikiwa na ukungu na baridi, bibi yule alirudi usiku mmoja akaamua kuoka na kusoma kwa pamoja. Somo lilikuwa la uchachu: jinsi Louis Pasteur alivyoandika mwaka 1857 kwamba maziwa hugeuka kwa kazi ya viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho; na jinsi hamira nayo, iliyo hai, inavyokula sukari na kutoa hewa ya kuumua unga. Kitabu kilisema vema, lakini donge mezani lilikataa kupanda. Mama mkwe akatazama, akacheka kidogo. Akalichukua bakuli, akalifunga kwa shuka, akaliweka penye ukuta wa meko, mahali pale pale asogezapo kibuyu chake cha mursik wakati wa baridi.

"Limeganda, mwanangu," alisema. "Maziwa nayo hukataa hivyo."

Mke akamsomea ukurasa ule wa maziwa, akiutafsiri neno kwa neno. Bibi kizee, ambaye amepaka vibuyu majivu ya mti wa senetwet tangu ujana wake, alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza yule Mzungu alikuwa akipaka mti gani.

Haisemwi kwamba tangu usiku ule fedha ziliongezeka. Karo ya kijana ililipwa nusu, na barua ya kudai nusu ya pili imekwisha kufika. Ila mama mkwe ndiye anayelinda makaa sasa, nao huoka mikate sita badala ya miwili. Minne huuzwa sokoni Chepseon, na mwenye kuipeleka ni mume, juu ya pikipiki, ndani ya kikapu kilichofunikwa kitambaa. Watu humtania njiani. Hujibu kwamba anasomesha.

Mtihani wa mwisho umewekwa Desemba, na mfuko wa unga umebaki nusu.