Jina na Anwani



Juma hili nawaletea ungamo dogo la paroko wenu, nalo linahusu kompyuta.

Jumatatu asubuhi alikuja mama mmoja mzee kutoka kigango cha mbali, akiomba cheti cha ubatizo cha binti yake anayetarajia kufunga ndoa mjini. Kitabu cha miaka ile kiko kwa fundi, kinashonwa upya. Lakini kurasa zake tulikwisha kuzipiga picha na kuzihifadhi katika kompyuta ya sakristia. Mimi huifikia nikiwa mezani kwangu kwa kuandika anwani yake, 192.168.1.14, niliyoibandika ukutani. Nikaiandika. Ikajibu printa! Funguo za sakristia alikuwa nazo katekista, naye alikuwa safarini. Nikamwomba mama arudi siku nyingine. Akasema, "Haya, Baba Paroko, tumeshazoea," akaondoka kwa miguu. Neno lile "tumeshazoea" lilininyima usingizi.

Usiku uliotangulia umeme ulikuwa umekatika. Katika nyumba nyingi ruta ndiyo igawayo anwani, kwa utaratibu uitwao DHCP, ambao maelezo yake yanayotumika hadi leo yalitolewa mwaka 1997. Kompyuta ikiwashwa hupaza sauti kwa wote ikiomba anwani. Ruta huikopesha moja kwa muda, labda saa 24, na nusu ya muda ikifika kompyuta huomba kuongezewa. Umeme ukikatika, ruta nyingi ndogo husahau zilimkopesha nani, hata anayewahi kuamka aweza kupewa namba ya jirani yake. Printa yetu iliwahi. Nami nilikuwa nimebandika ukutani kitu cha mkopo, nikidhani ni mali.

Kijana mmoja wa kwaya, anayesomea mambo haya, alicheka kwa adabu. Akanieleza kwamba tangu mwaka 1983, Paul Mockapetris alipobuni mfumo wa DNS, watu huita kompyuta kwa jina na mfumo huo hutafuta namba. Ila mfumo wa dunia nzima haujui habari za sakristia yetu. Nyumba yahitaji mtunza majina wake. Akaweka katika kompyuta ndogo programu ya Simon Kelley iitwayo dnsmasq, ambayo hufanya kazi zote mbili: hugawa anwani na kujibu maswali ya majina. Kompyuta iombapo anwani hutaja na jina lake. Programu huviandika pamoja, na anwani ikibadilika, jina hufuata. (Tulisahau kuizuia ruta isigawe tena. Wagawaji wawili katika nyumba moja walitutesa hadi saa sita usiku.) Jina tulilochagua ni ubatizo.home.arpa, sehemu ya mwisho ilitengwa mwaka 2018 kwa ajili ya mitandao ya nyumbani.

Nikiwa nimeketi pale na kijana, nilikumbuka kwamba kitabu kile kilichoko kwa fundi kina kazi iyo hiyo. Kadiri ya kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa, kipaimara, ndoa na daraja takatifu huandikwa kando ya jina la mbatizwa. Na kanuni ya 1122 yadai ndoa ikifungwa kwingine, taarifa irudi katika parokia ya ubatizo. Binti huyu amehama mara nyingi, mama yake alinieleza. Ndoa yake itafungwa mjini, na habari yake itarudi kuandikwa huku kwetu, kando ya jina alilopewa akiwa mtoto mchanga.

Jumatano mama alirudi. Niliandika neno "ubatizo", na ukurasa ukafunguka. Jina la binti lilikuwa pale, kwa mwandiko wa mmoja wa waliotangulia kuwa paroko hapa, na chini yake majina ya wazazi. Hapo ndipo nilipolijua jina la mama, kwa maana Jumatatu sikumwuliza.