Elfu Mbili Mezani, Lalago

Ukitoka Maswa mjini kuelekea Mwanhuzi kule Meatu unapita Lalago. Wengi wanaipita tu. Wananunua matobolwa, yale magimbi yasiyo magimbi (ni viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa), halafu gari linaondoka. Mimi nilishuka, ilikuwa Juni 2024, msimu wa pamba. Na msimu wa pamba ukitaka kuuona Usukumani, njoo huku. Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, ndio unaoongoza nchini kwa zao hilo. Miezi hiyo hela inatembea, bodaboda hazilali, na vijiwe vinachangamka ile mbaya.

Kijiwe nilichokikuta kiko chini ya mwarobaini, pembeni ya fundi baiskeli. Mbao nne za drafti zilizopakwa rangi kwa mkono, kete ni vizibo vya soda: upande mmoja umelala, mwingine umefunuka. Siku hiyo palikuwa na mashindano. Kiingilio shilingi 2,000, watu 16, ukifungwa unatoka. Jumla 32,000: bingwa anachukua 20,000, wa pili 8,000, zinazobaki ni chai ya mwenye mbao. Nafasi moja ilikuwa wazi. Nikatoa noti.

Kikatulia kijiwe kizima. "Mayu, na wewe unacheza?" akauliza mzee mmoja. Nikamwambia shikamoo baba, ndiyo nacheza. Akaitika marahaba, akasogea kunipisha kwenye benchi.

Sasa, wapo wenzetu wanaokwenda kasino za Dar es Salaam au Nairobi kucheza poka, na wanapenda kusimulia habari za yule Mmarekani Chris Moneymaker, mhasibu aliyeingia kwa dola 86 kwenye intaneti mwaka 2003 akaishia kubeba milioni mbili na nusu Las Vegas. Watakwambia utamu wa poka ni karata zilizofichwa. Drafti haina cha kuficha, kete zote 24 ziko wazi mbele yenu. Kinachofichwa ni uso. Kwa hiyo watu wanacheza na mdomo, yaani mikwara, na mgeni asiyezoea mikwara anafungwa kabla hajagusa kete.

Nilipangiwa kijana wa bodaboda, kofia ngumu mapajani. Alianza hata kabla ya kupanga vizibo. "Dada wa mjini, hii siyo simu, haina chaji." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mchezo wa kwanza nilishinda, wa pili akashinda yeye. Bado mmoja wa kuamua.

Hapo ndipo niligundua kwamba elfu mbili si hela ndogo. Kwangu haifiki lita moja ya petroli. Kwake ndiyo hiyo hiyo petroli. Alikuwa ameiweka mezani wakati wenzake wakibeba abiria, na kila pikipiki ilipopita alikuwa anageuza shingo. Moyo wangu ukaanza kwenda mbio kwa noti moja tu! Nimewahi kukaa kwenye vikao vya mamilioni ya matangazo bila kutoka jasho.

Wakati huo huo nilikuwa nimeshamsoma. Alipobanwa, alipiga kelele. Alipokuwa ametega, alinyamaza. Mchezo wa tatu ukafika katikati, kete tano kwa tano, akasukuma kizibo mbele yangu na kukaa kimya, mkono unakuna kofia. Drafti hii kula ni lazima, lakini njia ya kula unachagua mwenyewe. Nilikuwa na mbili. Ile ya kulia, iliyokuwa inaniita kabisa, ingempa kete zangu tatu kwa mkupuo. Nikala ya kushoto. Mizunguko michache mbele nikaingiza kingi, nikaipandishia kizibo cha pili juu, na kingi ikishaanza kutembea ubao mzima hakuna mikwara inayosaidia.

Alinipa mkono. Hakusema neno.

(Dada zangu, aside kidogo: kabla hujampeleka mtu nyumbani kutambulishwa, cheza naye drafti, umfunge. Uchumba wa miaka miwili hauwezi kukuonyesha kitu hicho kwa haraka namna ile.)

Nilimnong'oneza mzee wa benchi kama ni vibaya kumrudishia kijana hela yake. Akanitazama kwa huruma. "Ukimrudishia, umemwambia alikuwa anacheza na mtoto. Mwache, mayu. Mnunulie soda, na ununue ya kila mtu." Nikanunua. Hesabu ya soda zile sitaitaja hapa, mhasibu wa ofisi yetu anasoma gazeti hili.

Raundi ya pili nikakutana na mzee yule yule. Yeye hakuongea kabisa, hakukuna kitu, hakugeuka kutazama pikipiki wala mbuzi. Nilitafuta dalili usoni mwake nikaona uso tu. Mbili bila, pengine dakika kumi na tano. "Wabeja," akaniambia, asante hiyo kwa Kisukuma, kana kwamba nimemletea zawadi. Baadaye nilielezwa kwamba amekulia kwenye isolo, bao la Kisukuma, na kwamba drafti kwake ni mchezo wa kupumzikia.

Jua lilipoanza kushuka fainali ilikuwa haijaanza, na gari langu la kurudi Maswa lilikuwa linapiga honi. Yule kijana akawasha pikipiki bila kuitwa, nikapanda. Stendi si mbali, watu wanalipa elfu moja.

"Shilingi ngapi?" nikamuuliza nilipofika.

"Wengine elfu moja," akasema, meno yote nje. "Wewe elfu mbili."

Nikampa.